Hesabu ya Wasiofika Kisuni

Narong Khuntikeo, mpasuaji wa ini wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand, alifiwa na baba na mama kwa ugonjwa uleule ambao ni kazi yake kuutibu. Mwaka 2017, alipohojiwa na waandishi wa habari wa kigeni, alieleza kwamba watu wa kwao wanakufa kwa saratani ya mirija ya nyongo kimya kimya, kama majani yanavyopukutika mtini, na hakuna anayejua. Kauli hiyo haijaniacha. Imenirudisha kwenye makala za wapasuaji wa ini, zile zenye majedwali ya nani alipona na nani alifariki, na kila moja sasa naisoma nikiwa na swali lilelile: waliohesabiwa humu ni akina nani, na wangapi waliishia mlangoni?

Tuanze na mahali penyewe inapoota saratani hiyo. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana. Nyongo hiyo hukusanywa na vijirija vyembamba mno, vinaungana, vinaungana tena, mpaka ibaki mirija miwili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, ambayo hukutana kwenye mlango wa ini na kuwa mmoja unaoteremka hadi utumboni. Mlangoni hapo pamebanana. Mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni na ateri inayolisha ini vimepita ubavuni mwa mrija wa nyongo, milimita chache tu katikati yake. Saratani ikiota hapo haina haja ya kuwa kubwa ndipo iue. Uvimbe mdogo tu unaziba njia, nyongo inarudi nyuma na kuingia katika damu, macho yanageuka manjano, mkojo unakolea, choo kinakuwa cheupe, na ngozi inawasha usiku kucha. Mara nyingi, siku ndugu wanapoona macho ya mgonjwa yamebadilika, saratani imekuwapo miaka.

Mwaka 1965 Gerald Klatskin, tabibu wa Yale nchini Marekani, aliandika habari za wagonjwa 13 waliokuwa na uvimbe wa mahali hapo, na tangu hapo madaktari wameuita kwa jina lake. Miaka kumi baadaye Henri Bismuth na mwenzake Corlette, huko Ufaransa, waliugawa kwa madaraja kulingana na umbali uliotambaa kuingia kulia au kushoto. Daraja hilo husaidia kuamua kama mgonjwa atapasuliwa au la, kwa sababu ubaya wa saratani hii ni kutambaa ndani ya ukuta wa mrija, mbele ya pale macho yanapoweza kuiona. Yuji Nimura wa Nagoya, Japani, alionyesha kwamba ukitaka kuing'oa yote huna budi kukata nusu ya ini au zaidi, pamoja na kile kipande kidogo kilichojificha nyuma, ambacho mirija yake humwaga nyongo palepale kwenye maungano.

Upasuaji wa namna hiyo huchukua saa nyingi, na katikati yake kuna muda wa kungoja ambao watu wa nje hawaujui. Mpasuaji akishakata mrija, ukingo wa kile alichokata hupelekwa maabara, unagandishwa, unakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Yeye amesimama, glavu mikononi, tumbo la mgonjwa li wazi, akisubiri simu iseme kama ukingo ni safi. Ukiwa na seli za saratani anakata tena, juu zaidi, milimita tatu, milimita tano, mpaka ukingo usafike au mrija umwishie. Kisha anaanza kuunganisha vijirija vilivyobaki na utumbo, kimoja kimoja, kwa uzi ambao haushikiki vizuri kwa vidole.

Mwaka 2013 wapasuaji wa Nagoya walichapisha hesabu ya kazi yao ya miaka 34: wagonjwa 574 waliokatwa kwa ajili ya saratani ya mlango wa ini, mfululizo, bila kuruka hata mmoja. Takribani theluthi moja walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa ugonjwa ambao bila upasuaji walio wengi hawamalizi hata mwaka mmoja au miwili, hayo ni mafanikio makubwa, na mtu yeyote anayejua ugumu wa kazi ile atawavulia kofia. Lakini hao 574 ni waliokatwa. Duniani kote walio wengi wenye saratani hii wanafika hospitali ikiwa imeshapita hatua ya kukatwa. Hao hupewa mpira mdogo wa kuzibua njia ya nyongo, pengine na dawa, wakarudi nyumbani. Katika jedwali la mafanikio hawamo.

Mfano wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, unaeleza jambo hili vizuri kuliko maneno yangu. Mwaka 2005 madaktari wa huko walichapisha matokeo yaliyowashtua wenzao. Wagonjwa wa saratani hiyohiyo waliopigwa mionzi, wakapewa dawa za saratani, kisha wakapandikizwa ini jipya, asilimia 82 waliishi miaka mitano, wakati waliokatwa tu ni asilimia 21. Matokeo yale ni ya kweli na yamewapa watu uhai. Ila ndani ya makala hiyohiyo imo hesabu nyingine ambayo haikupata umaarufu: walioingia katika mpango walikuwa 71, na waliofikia kupandikizwa ini ni 38. Kabla ya kupandikizwa, kila mmoja alifunguliwa tumbo kuangalia kama saratani imesambaa. Aliyekutwa imesambaa alifungwa tumbo na safari yake ikaishia hapo.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan walikuwa wamefanya jambo kama hilo kwa saratani ya ini lenyewe. Kupandikiza ini kwa sababu ya saratani kulikuwa kumekatisha tamaa, kwani ugonjwa ulirudi katika ini jipya. Wao wakachagua: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe wa sehemu zisizozidi tatu, kila moja isiyozidi sentimita 3. Kati ya wagonjwa 48 waliopandikizwa, asilimia 75 walikuwa hai baada ya miaka minne. Kilichobadilika zaidi hapo ni nani aliruhusiwa kupanda kitanda cha upasuaji. Kigezo hicho kinatumika mpaka leo katika nchi nyingi zinazopandikiza maini.

Siwalaumu Mazzaferro na wenzake. Ini la kupandikiza hutoka kwa marehemu au hukatwa kwa mtu aliye hai, na kumpa mtu ambaye saratani yake itarudi baada ya miezi sita ni kumnyima mwingine ambaye angeishi miaka ishirini. Kuchagua ni sehemu ya uaminifu wa kazi ile. Ninachosema ni kwamba tarakimu ya mafanikio ya mpasuaji inabeba mambo mawili kwa pamoja, ustadi wa mikono na ukali wa mlango, na msomaji akiitazama tarakimu peke yake hawezi kuyatenganisha. Mpasuaji mwenyewe asipojiuliza mlango wake uko wapi, anaweza kufanya kazi nzuri maisha yake yote na ugonjwa katika wilaya yake usipungue hata kidogo.

Narong alijiuliza. Kwao ni Isan, eneo la wakulima wa mpunga linalopakana na Laos, na hakuna mahali duniani panapougua saratani hii kama pale. Daftari la saratani la Khon Kaen limewahi kuonyesha wagonjwa wapatao 85 kwa mwaka katika kila wanaume 100,000, wakati katika nchi nyingi za Ulaya ni mmoja au wawili. Kisababishi kinajulikana. Ni mnyoo bapa wa ini, Opisthorchis viverrini, asiyefika urefu wa sentimita moja, ambaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mwaka 1994 katika orodha ya visababishi visivyo na shaka.

Mnyoo huyo anaingia kwa chakula kinachopendwa. Samaki wadogo wa mtoni na mashambani wanakatwakatwa wakiwa wabichi mpaka nyama na miiba vilainike, wanakamuliwa ndimu, wanatiwa pilipili, mchuzi wa samaki, mchele uliokaangwa ukasagwa, na majani ya mnanaa. Hicho ndicho koi pla, kinacholiwa kwa mkono pamoja na wali wa kunata, watu wameketi mduara baada ya kazi ya shamba. Ndimu inabadilisha rangi ya nyama ikaonekana kama imeiva, lakini haimuui mdudu. Akishamezwa, anapanda kutoka utumboni hadi kwenye mirija ya nyongo, anajishikiza ukutani na kukaa humo miaka kumi au zaidi. Ananyonya, anakwaruza, na anatoa protini inayochochea seli za ukuta kuzaliana. Ukuta unapona, unaumia, unapona tena, kwa miaka thelathini, arobaini. Mayai yake hutoka na kinyesi, huingia majini, humezwa na konokono, hutoka kwa konokono na kumwingia samaki. Paka na mbwa wa kijiji nao wanakula samaki hao, wanaambukizwa, wanaendeleza mzunguko hata pale watu wanapoacha.

Dawa ipo, na wasomaji wa ukanda wa Ziwa Victoria, wa Unguja na wa Pemba wanaifahamu: prazikwanteli, ileile wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho. Inaua minyoo hawa vizuri. Thailand imeigawa tangu miaka ya 1980. Shida ni kwamba mtu akishajua kuna kidonge anakula samaki mbichi bila hofu, anaambukizwa upya, anameza tena. Kidonge kinaua mnyoo, hakifuti kovu. Watafiti wa Khon Kaen wana wasiwasi kwamba mzunguko huo wa kuambukizwa na kutibiwa mara kwa mara unaweza kuuzidisha uharibifu badala ya kuupunguza. Kwa hiyo katika dodoso la kutafuta walio hatarini, mtu huulizwa pia kama amewahi kumeza prazikwanteli. Kuimeza dawa kumekuwa dalili ya hatari.

Mwaka 2013 Narong na wenzake walianzisha mpango wa kuwapima na kuwatibu watu wa Isan, wenye miaka 40 na kuendelea, waliowahi kula samaki mbichi au kuugua minyoo. Mashine za altrasaundi zilipakiwa kwenye magari na kupelekwa vijijini. Mkulima analala chali, anapakwa jeli ya baridi chini ya mbavu za kulia, na daktari anasogeza kile kifaa polepole akitafuta kitu kimoja hasa: mistari myeupe inayofuata mirija ndani ya ini, yaani makovu. Aliye na makovu hana saratani bado, pengine hatakuwa nayo, lakini jina lake linaandikwa na ataitwa tena baada ya miezi sita au mwaka. Anayeonekana ana uvimbe anapelekwa mjini. Taarifa za wote, wazima kwa wagonjwa, zinaingia katika hifadhi moja. Hilo ndilo ninaloliona kubwa zaidi katika kazi hii. Mpasuaji ameanza kumhesabu mtu kabla hajawa mgonjwa, wakati bado anavuna mpunga.

Mwaka 2020 walichapisha ulinganisho wa makundi mawili: wagonjwa waliogunduliwa kwa kupimwa vijijini, na wale waliokuja wenyewe hospitali wakiwa na dalili. Katika kundi la kwanza zaidi ya wanne kati ya watano walikuwa katika hatua za mwanzo. Katika la pili, takribani mmoja kati ya watano. Ukisoma hivyo unataka kushangilia.

Ni vizuri kushangilia kwa tahadhari, na nadhani watafiti wenyewe wangetaka iwe hivyo. Mchukue mtu ambaye saratani yake itamuua akiwa na miaka 60. Ukiigundua akiwa na 59, utasema ameishi mwaka mmoja tangu agunduliwe. Ukiigundua akiwa na 55, utasema ameishi miaka mitano na utamweka katika safu ya waliofanikiwa, ingawa amekufa siku ileile. Saa ya kuhesabia imeanza mapema tu. Isitoshe, altrasaundi inayopita kijijini mara moja kwa mwaka ni rahisi kukutana na saratani inayokua polepole kuliko ile inayokimbia, ambayo huanza na kumaliza kati ya ziara mbili. Kwa hiyo kugundua mapema ni sharti la lazima, halijawa bado jawabu. Jawabu linatoka kwenye daftari la vifo vya eneo zima: je, wanaokufa kwa ugonjwa huu katika Isan yote, waliopimwa na wasiopimwa, wamepungua?

Ndiyo maana kazi haikuishia kwenye mashine. Mwaka 2016 serikali ya Thailand iliweka mpango wa miaka kumi wa kutokomeza mnyoo huyo na saratani yake. Kando ya Ziwa Lawa, si mbali na mji wa Khon Kaen, Banchob Sripa na wenzake walikuwa wameonyesha njia tangu mwaka 2007: kutibu watu, kutibu paka na mbwa, kufundisha shuleni, kuwatumia wahudumu wa afya wa kijiji, na kuwapima samaki na konokono wenyewe. Katika vijiji ambako zaidi ya nusu ya watu walikuwa na minyoo, maambukizi yalishuka hadi chini ya mmoja kati ya kumi.

Watoto husikiliza. Wazee ni kazi nyingine. Narong alieleza jinsi wanavyomjibu, kwamba njia za kufa ziko nyingi, na akasema jibu hilo hawezi kulikubali. Mimi nazielewa pande zote mbili. Chakula alichokulisha mama yako, unachokila na ndugu zako jua likitua, hakiachiki kwa sababu mgeni mwenye koti jeupe amekuonyesha picha ya mdudu. Ila huyu si mgeni. Ni mtoto wa kwao, ana makaburi mawili ya kuwaonyesha, na nafikiri uzito wa neno lake unatoka huko zaidi ya shahada zake.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mpasuaji aliyetoka hivyo nje ya chumba cha upasuaji. Denis Burkitt, wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa akiwaona watoto wenye uvimbe wa taya ambao kisu hakikuufaa kitu. Mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, aliendesha gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, safari ya maili zipatazo 10,000, akisimama kwenye hospitali zaidi ya hamsini kuuliza swali moja: uvimbe huu mnauona hapa? Ramani iliyotokana na safari hiyo ilifuata joto na mvua, na ikafungua njia ya kuelewa uhusiano wa saratani hiyo na malaria na kirusi.

Saratani ya ini ya kwetu haitokani na samaki. Inatokana zaidi na kirusi cha homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, sumukuvu iliwaugulisha watu 317 na kuwaua 125 katika miezi michache, na dunia ikasikia. Wanaokula sumu hiyo kidogo kidogo miaka ishirini hawasikiki. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Ukiiacha Misri, umri wa kati wa mgonjwa wa saratani ya ini ulikuwa miaka 46, na muda wa kati wa kuishi baada ya kugunduliwa ulikuwa miezi miwili na nusu. Nchini Misri, ambako wagonjwa wenye homa ya ini hufuatiliwa na matibabu yapo zaidi, ulikaribia miezi kumi na moja. Mtu wa miaka 46 kwetu ana watoto shuleni na wazazi wanaomtegemea. Na hao ndio waliofika hospitali kubwa wakaandikwa.

Kwamba saratani ya ini inaweza kuzuiwa, hilo limeshaonekana. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1984, na kufikia mwaka 1997 Mei-Hwei Chang na wenzake waliweza kuonyesha kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 imepungua kwa karibu nusu. Waliweza kuonyesha kwa sababu kila mgonjwa alikuwa ameandikwa, kabla ya chanjo na baada yake.

Tanzania iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Wa kwanza kuchanjwa sasa ni vijana wanaotafuta kazi na wachumba. Watafikisha miaka 46 mnamo mwaka 2048, na wakati huo mtu atataka kujua kama katika kundi lao saratani ya ini imepungua, wapi zaidi, na wapi haikupungua kwa sababu mahindi bado yanaanikwa chini kwenye udongo. Atahitaji majina ya wanaofariki sasa, wa umri huohuo, pamoja na kijiji, umri, na rangi ya macho katika wiki za mwisho. Wengi wao wanafia nyumbani, na anayeweza kuyaandika hayo ni mhudumu wa afya wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, kwenye daftari la vifo la mwaka huu.